Naisula na Ngazi Tisa za Ofisi ya Kata

Naisula ni fundi cherehani, jirani yangu mwaka wa kumi na tisa sasa. Polio ilimpoozesha miguu akiwa hajamaliza kuota meno, kwa hiyo cherehani yake ni ya mkono, na baiskeli yake ya magurudumu matatu anainyonga kwa mkono pia. Anashona sare za shule, na hashoni kwa vipimo vya kuambiwa. Mzazi akisema "mtoto wangu ni kama huyu wa jirani," anarudishwa akamlete mtoto mwenyewe.

Kata yetu sitaitaja. Iko huku kwenye miteremko ya Meru na wenyewe wanajijua. Ofisi yake ina ngazi tisa. Naisula akiwa na shida anabaki uani, anaita, mtendaji anatoka barazani na karatasi zake, na shida inasikilizwa na kila aliyekaa pale. Ilivumilika zilipokuwa barua tu. Lakini mwaka jana kaka yake, Kisioki, alianza kusogeza mpaka wa shamba la kahawa na migomba ambalo baba yao alimwachia Naisula. Kila alichomweleza mtendaji pale uani, jioni Kisioki alikuwa nacho neno kwa neno, na kesho yake ana shahidi wa kukipinga. Mwanamke alikuwa anapoteza shamba kwa sababu ya ngazi.

"Nikubebe basi," nilimwambia.

"Niingie kama gunia, Mama Princess, halafu nidai haki?"

Mwaka wa uchaguzi ulipofika, wataka udiwani walimjia, maana ndiye mwenyekiti wa kikundi cha watu wenye ulemavu, na kikundi kina ndugu wengi. Wa kwanza alikuwa Sylvanus, mwalimu mstaafu. Huyo kuongea anajua. Alisema "ujumuishwaji" mara nne, akaahidi viti mwendo. Naisula akamwonyesha banda la kuku: kiti mwendo cha uchaguzi uliopita kimo mle, kuku wanatagia, kwa sababu magurudumu yake membamba yanazama kwenye tope letu.

"Nashukuru, mwalimu. Ila mimi nitafikaje kwenye meza ya mtendaji?"

"Hilo limo kwenye mpango wangu, mama."

"Ngazi ziko ngapi pale?"

Sylvanus akatazama mparachichi kana kwamba jibu liko juu kule. Amezipanda ngazi hizo tangu zijengwe.

Wa pili alikuwa Lengai, mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu wa maneno machache na buti kubwa. Alisikiliza, akamwita mama kwa lugha ya kwao, "Yeyo, hilo nalimaliza kabla kampeni hazijaanza, wasije wakasema nahonga." Akaondoka bila hata kumaliza chai. Wiki mbili baadaye, kwa ruhusa ya mtendaji, mteremko wa zege ulikuwa umemwagwa pembeni mwa zile ngazi.

Tukaenda kuuona. Sasa Lengai fundi anayemjua ni yule anayemjengea mnadani, pale ng'ombe wanapopandia lori. Na ndicho alichojengewa: mfupi, umesimama kama paa la kanisa, umechorwa mistari ili kwato zisiteleze. Kazi safi kabisa, kwa ng'ombe. Naisula alinyonga, baiskeli ikapanda kidogo, ikarudi nyuma, nikaizuia kwa mwili wangu wote, na mwili wangu si mdogo.

"Lengai aitwe," akasema.

Lengai alipofika, Naisula alikuwa ameshashuka, amekaa kwenye nyasi. Akamwonyesha baiskeli.

"Panda. Miguu usiitumie."

"Yeyo, watu wanaangalia."

"Mimi wananiangalia tangu utotoni. Panda."

Akapanda, magoti yakagusa kidevu. Alinyonga mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, akafika nusu, akarudi kinyumenyume hadi kwenye maua ya mtendaji. Watu wakacheka. Mzee mmoja akauliza huyu dume anauzwa au anarudi boma. Lengai hakukasirika. Alikaa palepale kwenye maua akilitazama zege lake.

"Sikukuuliza," akasema.

"Hukuuliza."

"Nipe vipimo."

Walipima kimo cha ngazi zote tisa, kisha Naisula akamtajia urefu anaoutaka, unaozunguka kona ya jengo, na sehemu tambarare ya kupumzikia katikati.

"Huo si utafika hadi kata ya Akheri?"

"Na ufike. Mnyongaji ni mimi."

Zege likavunjwa, likamwagwa jipya kwa vipimo hivyo. Kikundi kilipokutana, wengine walisema Lengai amewaaibisha, afadhali mwalimu anayejua haki zao. Bariki, ambaye haoni, akasema, "Mwalimu hajakosea hata kimoja."

"Hajakosea kwa sababu hajashika kitu," Naisula akamjibu. "Na Lengai simsafishi, angeuliza siku ya kwanza asingejenga mara mbili. Ninachotaka kujua ni hiki: tukishawachagua, nikisema umekosea, nani atakuja kukaa kwenye baiskeli?"

Wakamtumia Sylvanus ujumbe, aje naye ajaribu mteremko mpya ukikauka. Akajibu kwamba mgongo unamsumbua. Kikundi kikakubaliana kila mtu apige kura yake mwenyewe, na Naisula ya kwake hajaniambia mpaka leo.

Mteremko ulipokauka, ikawa Jumanne, tukaenda. Alipanda taratibu, akapumzika mara moja kwenye kona, akafika mlangoni kwa mtendaji bila mkono wa mtu. Barazani walikuwa wamekaa wawili, marafiki wa Kisioki, kama kawaida yao. Nilimfuata na mfuko wenye hati zake za shamba, nikauweka mezani, nikaanza kutafuta kiti.

"Asante, Mama Princess. Nifungie mlango."

"Nikiwa ndani?"

"Ukiwa nje."

Nikaufunga. Nilikaa barazani na wale wawili karibu saa nzima, na tulichosikia ni kuku wa jirani. Jioni Kisioki alipita kwangu kama anaulizia ndizi, halafu akauliza dada yake alisema nini. Nikamwambia sijui, na ilikuwa kweli.