Kikorea cha Stoo

Ujumbe huja kila mwanzo wa mwezi, na huja kwangu. Unasema, kwa Kiingereza cha upole, kwamba ngazi yangu ya Kikorea bado haijajulikana na kwamba jaribio linanisubiri. Mimi ni mwanamke wa dukani hapa Singida mjini, nauza mafuta ya alizeti kwa dumu na kwa lita. Kikorea sikuwahi kujifunza. Aliyejifunza ni mdogo wangu, na akaunti ya masomo hayo aliifungua kwa namba yangu kwa sababu laini yake ilikuwa imefungiwa. Kwa hiyo akitafutwa yeye, simu inayolia ni yangu. Mwaka wa tatu sasa naufuta ule ujumbe kabla mama hajaniuliza nani kaniandikia.

Asije mtu akadhani mdogo wangu amekufa. Yupo, kaolewa Manyoni, ana mtoto mmoja. Aliyekufa ni yule msichana wa stoo, na huyo ndiye ninayeishi naye mimi.

Ilianza na zile tamthilia za Kikorea zilizotafsiriwa. Siku moja akadai kwamba wale watafsiri wanatudanganya, kwamba mtu analia dakika nzima halafu sisi tunaambiwa maneno matatu. Akaamua kujisomea mwenyewe kwa simu. Nilimcheka sana. Nikamwambia Kinyaturu cha mama chenyewe anakiongea kwa kukwamakwama, leo Kikorea. Akabeba simu na spika za masikioni, akaingia stoo.

Stoo yetu ipo nyuma ya duka, ukuta mmoja tu katikati. Kuna madumu upande huu, magunia ya mashudu upande ule, na dirisha dogo ambalo ndilo pekee linalokamata mtandao. Alisema magunia yanameza makelele ya sokoni. Hayakumeza ya kwake. Mwaka mzima nilipima mafuta huku nikimsikia nyuma ya ukuta akirudia sentensi moja mara ishirini, anakosea, anacheka peke yake, anaanza upya. Akaanza kuniita onni, ndivyo msichana wa kule anavyomwita dada yake mkubwa. Onni, njoo ule. Onni, kuna mteja. Mimi nikijifanya nachukia, lakini jina nililipenda, leo nasema.

Mama hakulipenda. Mama ni mtu wa Ihanja, akiogopa hurudi kwenye Kinyaturu chake na kuongea kwa sauti ya chini. Kwa mama, binti aliyejifungia gizani, anaongea lugha isiyojulikana, anacheka na mtu asiyeonekana, na kumpa dada yake jina jipya, huyo ana jini. Hakuwa mjinga. Kwetu dalili ndizo hizo hizo, na kuna watu walioponywa kwa kusomewa, tunawajua. Jirani mmoja aliposikia naye akasema hivyo hivyo. Mama akampigia shangazi yetu wa Manyoni, dada wa marehemu baba, ambaye akishaamua jambo hakuna wa kumrudisha nyuma.

Mimi nilijua ukweli. Nilijua ni masomo. Nilijua pia kwamba kuna chuo huko Korea kilikuwa kinatoa nafasi ya kusoma, na sharti la kwanza lilikuwa kufikia ngazi ya tatu kwenye jaribio la mtandaoni. Unapewa siku na saa yako. Unasikiliza, unasoma, mwisho unazungumza na wanakurekodi. Ukikatiza katikati, nafasi yako imeishia hapo. Yote haya aliniambia mimi peke yangu, kwa sababu alitaka mama aambiwe matokeo yakiwa mkononi. Ningemwambia mama neno moja, hofu yake ingeisha. Sikumwambia. Nilikuwa nikiangalia miguu ya mama iliyovimba, naangalia duka, najiona hapo nyuma ya kaunta mpaka nizeeke, na yeye ndani ya ndege. Wivu ulinishika, sina jina jingine la kuupa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Alivaa gauni lake la Idi, kana kwamba simu itamwona. Kabla ya kuingia akanishika mkono akaniambia, "Onni, saa nane naanza. Nizuilie watu. Nusu saa tu."

Nikamwambia nenda bwana, nipo.

Saa nane na dakika kama ishirini shangazi akateremka kwenye bajaji mbele ya duka, pamoja na mzee mmoja wa msikitini, mpole, mwenye chupa ya maji mkononi. Sikujua kama wangekuja siku hiyo, hilo naweza kuapa. Niliwaamkia, shikamoo shangazi, shikamoo mzee. Mama akatandika mkeka uani. Shangazi akasimama kwenye mlango unaotoka dukani kwenda uani, akaniuliza binti yuko wapi.

Kulikuwa na majibu mengi. Katoka. Kaenda sokoni. Kaoga anavaa. Mimi naongopea wateja kutwa nzima kwamba mzigo mpya unakuja kesho, ulimi wangu si mzito. Siku ile ulitoka ukweli, na ulitoka upesi.

Shangazi alifungua stoo, akamnyang'anya simu, akamtoa. Mdogo wangu hakupiga kelele. Alikaa kwenye mkeka, akafunikwa mtandio, mzee akasoma. Alisoma vizuri, kwa utulivu, na upepo ulikuwa unapeperusha makapi ya alizeti uani pale yakituingia machoni. Alipomaliza akamfunua, akamtazama sana, akamuuliza, mwanangu, mle ndani ulikuwa unaongea na nani? Akajibu kwamba alikuwa anafanya mtihani wa Kikorea, kwa simu. Mzee akaiweka chini ile chupa ya maji. Kisha akatugeukia sisi watu wazima.

"Huyu hana kitu. Mpeni simu yake amalize mtihani wake. Hakuna hata mmoja wenu aliyejua?"

Mama akainamisha kichwa. Shangazi akaanza kujieleza. Mimi nikaingia dukani, kumbe hakuna hata mteja.

Simu ilirudishwa. Kioo kilikuwa kimeandika kwamba jaribio limekatizwa. Akaandika barua pepe mbili, hakuna aliyejibu, na tarehe ya chuo ikapita. Spika za masikioni akaziweka kwenye droo ya risiti, zipo mpaka leo. Hakunilaumu hata siku moja. Alibadilisha kitu kimoja tu: akaacha kuniita onni, akaanza kuniamkia. Tumepishana miaka mitano, alikuwa hajawahi kuniamkia maishani. Asubuhi iliyofuata akanipa shikamoo kama anavyompa mama. Ilipokuja posa ya Manyoni akakubali bila kuuliza huyo mtu ni nani.

Baada ya kuondoka kwake ndipo stoo ilipoanza kunisumbua. Sisemi nilisikia sauti. Nasema nikiingia kuchota mashudu nilikuwa naingia kwa kubisha hodi, mtu mzima, stoo yangu mwenyewe. Halafu maneno yakaanza kunitoka. Siku moja nampimia mama mmoja lita tatu, nikajikuta nahesabu hana, tul, set, moja mbili tatu za Kikorea. Yule mama akacheka, akadhani nimejaribu Kinyiramba cha kwao Kiomboi nikakiharibu. Mama yangu alikuwa barazani. Alisikia. Niliona midomo yake inacheza, anasoma dua. Na safari hii hakumpigia mtu simu.

Ikawa kawaida. Nikifagia, sentensi nzima inapita mdomoni, siijui maana, lakini najua pale alipokuwa akikosea na pale alipokuwa akicheka. Mwaka mzima wa ukuta ule ulinikaa kichwani bila ruhusa yangu. Nikawa naogopa mdomo wangu.

Mwezi huu ujumbe ulipokuja sikuufuta. Ilikuwa mchana, duka limepoa, mama amelala. Nikabeba simu nikaenda kukaa kwenye gunia lile lile, chini ya dirisha. Wakatuma namba za siri kwangu, nikaziingiza, ukurasa ukafunguka. Kulikuwa na jaribio fupi la kujipima, la bure, lisilohesabika popote. Nikalifanya. Kusoma nilibahatisha tu, yale maandishi kwangu ni vijumba na vijiti. Kusikiliza, jamani, nilijua. Mwanamke ndani ya simu anasema kitu, chini kuna picha nne, na kidole changu kinaenda chenyewe kwenye picha ya mtu anayekula, mtu anayesubiri basi, mtu anayeumwa kichwa. Mwisho wakaandika: ngazi ya kwanza. Wakanipongeza kwa juhudi zangu.

Chini ya pongezi kulikuwa na orodha ya majaribio yaliyopita. Lilikuwa moja tu. Kusikiliza, limekamilika. Kusoma, limekamilika. Kuzungumza, halikukamilika, na pembeni alama ya kubonyeza usikilize.

Nikabonyeza. Kwanza ikaja sauti ya mashine, ikauliza swali, na swali nikalielewa nusu: nani anakusaidia kusoma. Kisha akaja yeye. Sauti ilikuwa nyembamba, ina haraka, ina furaha ambayo nilikuwa nimesahau kama anayo. Akasema anaishi Singida. Akasema mama. Kisha akavuta pumzi, akasema onni, polepole, kama mtu anayeweka chini kitu kizito asikimwage.

Hapo hapo, nyuma yake, upande wa pili wa ukuta, ikasikika sauti ya mwanamke mwingine, safi kabisa, haina hata wasiwasi. "Yumo humu stoo."

Ikafuata sauti ya komeo, na rekodi ikaisha.

Nilikaa pale mpaka adhana ya alasiri. Miaka mitatu nilijifariji kwamba labda hakusikia, labda anadhani shangazi alimtafuta mwenyewe. Kumbe ukuta unapitisha pande zote mbili, na mimi ndiye niliyepaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote.

Nikampigia. Akapokea, akasema shikamoo dada. Nikaitikia. Mtoto alikuwa analia karibu naye. Nikamwambia nimefungua akaunti yake, nimejipima nikapata ngazi ya kwanza, nimeisikia rekodi, halafu nikaanza kuomba msamaha na maneno yakawa yanagongana. Akaniacha nihangaike. Kisha akasema kwa utulivu kwamba nisijisumbue, alisikia siku ile ile, alinisikia kabla hata mlango haujafunguliwa.

Nikamuuliza kitu kimoja tu. Nikamuuliza alipofika kwenye onni, alikuwa anataka kusema nini juu yangu.

Nikasikia anambembeleza mtoto. Mtoto akanyamaza. Kisha akaimalizia ile sentensi, kwa Kikorea, moja kwa moja bila kukosea. Ilikuwa ndefu. Sikushika hata neno moja, kwa sababu hiyo hakuwahi kuirudia nyuma ya ukuta.

Nikamwomba aniambie kwa Kiswahili.

"Si umefika ngazi ya kwanza?" akasema. "Endelea kusoma, dada." Akakata simu.