Sauti ya Mama na Kapasita Ndogo

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu huku Tlawi, mwanangu, ukungu ule unaoingia ndani ya nyumba na kukaa kama mgeni. Wazazi wetu walikuwa wamefariki, nami nilikuwa nimeacha shule nilee wadogo zangu. Katika simu ya zamani ya mama ilibaki sauti yake akiimba huku akikamua maziwa. Ilikuwa imefifia sana, na simu yenyewe ilikuwa inakaribia kufa. Veronika, mdogo wetu wa mwisho, hakuikumbuka kabisa sauti ile.

Ili aisikie, nikaunga amplifaya, mashine ya kukuza sauti, kwa vipuri vya redio mbovu. Hatua moja ya kukuza sauti haikutosha. Nikaongeza ya pili, kisha ya tatu. Spika ikapiga mluzi, wimbo ukazama humo.

"Dada, mama alikuwa anapiga filimbi?" Veronika akauliza.

Tukashuka hadi kijiji cha Daudi kwa Mzee Tluway, fundi wa redio, mashine ikiwa ndani ya boksi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba." Nikaiwasha mashine, ikapiga mluzi. "Mbona mmeniletea nyoka ndani ya boksi?"

Alisikiliza akiwa amefumba macho, kama mtu anayesinzia.

"Umeongeza nguvu tu, binti. Sauti kidogo ya mwisho unairudisha mwanzo ili iitulize mashine, sivyo? Sasa kila hatua inaichelewesha, na sauti zile nyembamba zinachelewa zaidi. Zikifika, badala ya kutuliza zinachochea. Mashine inajiimbia yenyewe."

Akachomelea kapasita, kipuri kinachotunza umeme kidogo, kwenye hatua ya katikati, kutoka pale sauti inapotokea hadi pale inapoingia, ili sauti zile nyembamba zipungue nguvu mapema, kabla ya kuchelewa kiasi cha kuchochea. Ya kwanza ilikuwa kubwa mno. Mama akasikika kama yuko ndani ya blanketi. Akaitoa, akaweka ndogo kuliko punje ya mtama.

"Ung'avu kidogo wa sauti za juu utaupoteza," alisema. "Kubali."

Mluzi ukanyamaza. Mama akaimba, taratibu, kama anatoka ng'ambo ya ukungu. Kisha akasema, "Tulia wewe."

"Anamwambia nani?"

"Ng'ombe," nikamjibu.

Veronika akacheka, kiganja chake kikiwa juu ya spika, na kicheko chake kilikuwa kile kile cha mama.

Mwanangu, siku moja nawe utaachiwa nyumba. Usirundike nguvu juu ya nguvu ukidhani ndiko kusikika. Weka katikati kitu kidogo cha kukutuliza, hata kama kitakupunguzia ung'avu, maana penye mluzi aliye mbali hasikiki. Mungu aitulize mikono yako, na wadogo zako wakusikie vizuri ungali hai.