Upepo wa Nansio Unavyolia Mirongo

"Mama mdogo, kwani si upige simu tu uwaulize kama kuna upepo?"

Nilikuwa darasa la nne, nimekaa juu ya spika iliyotolewa matumbo, na nilidhani nimeuliza swali la maana sana. Mama mdogo Paskazia alikuwa na waya mdomoni. Alinipa tochi nimmulikie, akaendelea kuchomea nyaya, na moshi wa risasi iliyoyeyuka ukapanda katikati yetu. Harufu ile nikiisikia leo, hata kwenye maabara ya shule, naliona duka lake lote: nyaya zimening'inia kama tambi, redio zisizo na mifuniko, na picha ya ubatizo wangu imebandikwa kwenye friji bovu.

Paskazia ni mdogo wake mama. Alizaliwa Nansio, kisiwani ng'ambo ya ziwa, akavuka kuja Mwanza akiwa msichana, akaajiriwa kuuza betri na nyaya dukani kwa mzee Ramniklal. Siku moja mzee alimkuta amefungua redio ya mteja bila ruhusa. Badala ya kumfukuza akamwambia, "Umefungua mwenyewe, sasa funga mwenyewe." Akaifunga, ikalia. Basi, ufundi wake ulianzia hapo. Baadaye akapanga chumba chake mtaa wa Mirongo, akawa anatengeneza spika na kukodisha muziki kwa harusi, vipaimara na kampeni. Miaka yote hiyo alikuwa anasimama pembeni ya maspika makubwa kuliko mimi, anacheza na vitufe.

Kile tulichokuwa tunakichomea siku ile kilikuwa boksi la upepo. Ndani yake kulikuwa na simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka na kikompyuta kidogo kisichozidi pakiti ya kiberiti. Pius, kijana wa duka la intaneti, ndiye aliyemfundisha kukiandikia maelekezo. Simu ilikuwa inaingia kwenye tovuti ya hali ya hewa, inachukua kasi ya upepo wa Nansio wa muda uleule, kikompyuta kinazigeuza zile tarakimu kuwa sauti. Siyo sauti za kompyuta, hapana. Krismasi iliyotangulia alikuwa amekwenda nyumbani na kinasa sauti. Akarekodi filimbi ya binamu yetu Obedi, mchungaji wa ng'ombe. Akarekodi bati la jiko la bibi, lile lililolegea msumari, linavyopiga kelele likishikwa na upepo. Akarekodi na vigelegele vya kina mama wa jumuiya. Upepo mdogo, filimbi. Ukizidi, bati. Ukiwa mkali kabisa, vigelegele.

Hapo kwenye vigelegele ndipo alipokosea. Mara ya kwanza ziwa lilipochafuka, boksi lilipiga vigelegele mpaka mtaa wa pili. Wanawake waliokuwa wanapita wakavijibu, wakaingia dukani wanatafuta bibi harusi. Mama Kausar, jirani yetu muuza vitenge, akaja na utepe wake wa kupimia shingoni.

"Paskazia, unaoza nani? Mbona mimi sina kadi?"

"Hakuna harusi, mama Kausar. Ni upepo wa kwetu."

"Upepo wenu unaolewa?"

"Ni mkali, ndiyo maana."

"Toba! Kwenu upepo ukitaka kuua watu, nyinyi mnashangilia?"

Tulicheka mpaka Chenge, muuza chipsi wa nje, akaunguza mayai. Baada ya hapo vigelegele vikaondolewa, ikawekwa ngoma.

Zile likizo nilizoshinda dukani kwake ndizo ninazozikumbuka kuliko zote. Mchana kukiwa hakuna wateja, mama mdogo alikuwa anaegemea ukuta, amefumba macho, bati la bibi linapiga taratibu, kba, kba, na filimbi ya Obedi inapita juu yake. Nje kuna pikipiki na muuza maji anagonga chupa, lakini yeye hayupo huko. "Sasa hivi nguo za mama zinapepea pale kwenye uzio," anasema. "Sasa hivi kuku wameingia ndani." Mimi ambaye Nansio nilikuwa nimekwenda mara chache tu, niliijua kwa kuisikiliza.

Nikiwa darasa la sita, filimbi ikafa. Yaani yeye ndiye aliyesema imekufa.

"Twita imeungua hii," alisema, akafungua ile spika ndogo inayotoa sauti nyembamba. Akaweka nyingine. Akatega sikio. Akaing'oa, akaweka ya tatu, mpya, ya kwenye boksi. Akaanza kumtukana aliyeitengeneza.

"Mama mdogo," nilisema, "mbona inalia?"

"Inalia nini?"

"Filimbi. Inalia muda wote."

Alinitazama kama nimemfanyia mzaha mbaya. Akasogeza sikio mpaka likagusa spika. Mimi nilikuwa naisikia filimbi ya Obedi nikiwa mlangoni kabisa. Yeye alikaa hivyo, shavu limelala juu ya wavu wa spika, halafu akainuka, akaanza kuzirudishia zile twita skrubu, moja baada ya nyingine, polepole sana.

Hospitali walimpima. Alirudi akatangaza, "Wamesema spika zangu zote nzima. Kilichoungua ni mimi." Chenge akacheka, sisi wengine tukashindwa. Daktari alikuwa amemwambia kwamba masikio yaliyokaa na makelele miaka mingi huanza kupoteza sauti nyembamba, kisha nyingine zinafuata. Jioni ile mama mdogo alinishika bega. "Bibi yako asijue. Akipiga simu mwambie tuko salama. Yule mzee akisikia naumwa, hatalala."

Nikaahidi. Hata mama aliahidi. Nyumbani kwetu ndivyo ilivyo, na nadhani kwa watu wengi pia: aliye mbali habebeshwi mzigo asioweza kuutua.

Baadaye bati nalo likamtoka masikioni, ikabaki ngoma. Ndipo alipochukua taa za mapambo ya ukumbini, zile za rangi rangi, akazipanga kwenye ubao mrefu juu ya mlango. Kikompyuta kilekile, tarakimu zilezile. Upepo mdogo, taa za kijani za chini zinayumba kama majani. Ukiongezeka, rangi inapanda, njano, kisha nyekundu mpaka juu. Mtaa mzima ukaupenda ule ubao. Wanaotaka kupanda meli ya Nansio walikuwa wanapita kuutazama kwanza, na Chenge akajifanya mtaalamu: "Mama, leo usile chipsi nyingi, utazirudisha majini." Mama mdogo akawa anautazama kwa macho makali, bila kupepesa, kama mtu anayesoma midomo ya mwenzake.

Lakini ile namna yake ya kufumba macho na kuegemea ukuta sikuiona tena.

Mwaka huu niko kidato cha tatu. Likizo ya Juni nilikuwa dukani simu ya bibi ilipoita. Mama mdogo aliipokea, akaweka spika ya nje, akaongeza sauti mpaka mwisho. "Shikamoo mama. Ndiyo. Salama. Ndiyo." Nilimsikia bibi akiuliza mvua imenyesha lini, naye anajibu salama. Akanipa simu haraka, akajifanya kuna mteja.

"Winnie," bibi alisema, sauti imeshuka, "hebu niambie wewe. Nimemkosea nini Paskazia?"

"Hujamkosea, bibi."

"Mwaka mzima namwambia neno, ananijibu jingine. Halafu anakupa wewe simu. Mimi ni mama yake. Kama amenichoka aseme tu, nisimsumbue kumpigia."

Nikashindwa kusema salama. Nikamfuata mama mdogo, nikaweka mdomo kwenye sikio lake la kulia, ambalo ndilo lililobaki na nafuu. "Bibi anauliza amekukosea nini. Anasema umemchoka. Anasema hatapiga tena."

Alishika meza. Juu ya mlango taa zilikuwa za kijani, zinayumba kidogo kidogo. Nansio kulikuwa kumetulia kabisa.

"Nimwambie tuko salama?" niliuliza.

Alizitazama zile taa. Kisha akatikisa kichwa. "Mwambie sisikii."

Nikamwambia bibi yote: filimbi, twita, hospitali, taa. Halafu bibi akakohoa.

"Na wewe mwambie," alisema, "mimi tangu Pasaka sijatoka nje. Miguu. Obedi ndiye ananibeba mpaka uani. Nilimkataza asiwaambie huko."

Nikayarudia maneno yale sikioni kwa mama mdogo. Alicheka, cheko fupi la kukasirika, machozi yakamtoka humohumo. Akaanza kukunja nyaya, akasema Jumamosi tunapanda meli, mimi na yeye, na niende nikamwombe mama ruhusa. Nilipofika mlangoni akaniita.

"Uliniuliza zamani, kwa nini nisiwapigie simu tu niwaulize."

Nilishangaa kwamba anakumbuka. Nikarudi, nikasimama upande wake wa kulia.

"Baba alipofariki nilikuwa hapa Mwanza," alisema. "Nikapiga simu kwa kaka yangu. Nikamuuliza baba yuko wapi. Akasema yuko shamba, mzima kabisa, ila wewe njoo Jumamosi, kuna kikao cha familia. Nikapanda meli. Nilikuwa nimemnunulia betri za redio yake, nikafika nazo msibani. Upepo haujui kusema salama."