Kungumanga la Ismay

Hata kanisani alikuwa akilitoa. Kabla hajakaa, Ismay Cadore alichomoa mfukoni kungumanga moja kavu, akaliweka juu ya benchi na kulitazama. Likibingirika, alihamia benchi jingine. Padri alikwishazoea.

Tabia hiyo aliitoa kazini. Alikuwa na meza gatini, hapa St. George's, akiwachagulia matembezi abiria wa meli za watalii ambao miguu yao ilikuwa haina nguvu: wenye viti vya magurudumu, wenye mikongojo, wenye nyonga mpya. Meza yangu ya vikapu ilikuwa jirani na yake. Kisiwa chetu Grenada ni milima mitupu, na sisi tuliozaliwa juu yake hatuwezi kulitamka neno "tambarare" bila kudanganya. Kwetu, mahali popote usipopanda kwa kushika mizizi ni tambarare. Mtu atakuapia hivyo huku anahema. Ndiyo maana Ismay alikwenda kila mahali mwenyewe, akaweka kungumanga lake chini, likitulia akakubali, likibingirika akakataa.

Asubuhi moja akaja Solveig, mama wa Kinorwe aliyepooza miguu, akisukumwa na mumewe. Ismay akamtajia alichokuwa nacho: ufuko wenye njia ya mbao, boti yenye lifti, bustani ya maua.

"Vyote vizuri," Solveig akasema. "Lakini mimi nimefunga chokoleti kiwandani maisha yangu yote, na sijawahi kuiona kakao. Nimesikia huku mnatembea ndani yake kwa miguu mitupu. Na mimi nataka. Daktari amesema hii ndiyo safari yangu ya mwisho."

 Ni kweli, kakao ikianikwa, wanawake huvua viatu na kupita ndani yake wakiburuza nyayo, ili ikauke pande zote. Lakini mashamba yako milimani, na hakuna hata moja lililowahi kulishinda kungumanga. Ismay akampigia simu binamu yake Alston, msimamizi wa shamba.

"Alston, hapo uwanjani kwenu pakoje?"

"Tambarare, Ismay! Kama meza!"

"Meza ya nani? Ile yenu iliyovunjika mguu?"

"Nakuapia kwa mama yangu."

"Mama yako ndiye aliyenifundisha nisikuamini."

Hata hivyo akaita basi dogo lenye lifti ya viti. "Na wewe funga hivyo vikapu vyako," akaniambia, "nitahitaji mtu wa kunizuia nisimpige Alston."

Tulipofika alishuka peke yake, akaliweka kungumanga uwanjani. Likaondoka. Likampita kuku, likampita mbwa, likaingia mtaroni kama lenye miadi.

"Alston!"

"Mbona mimi napita hapo kila siku?"

"Hata mbuzi anapita hapo!"

Wanawake waliokuwa ndani ya kakao walicheka hadi wakashikana. Alston, kwa aibu, akasema ataita wanaume wanne wambebe mgeni.

"Hapana," Solveig akasema toka ndani ya basi. "Nimebebwa vya kutosha. Nitatazama nikiwa hapa." Akageuza uso dirishani. Toka pale alipokuwa, alichoweza kuona ni ukuta.

Mara wingu likafunika jua. "Mvua!" akapiga kelele mmoja, na wote wakaruka chini kusukuma chanja za kakao ziingie chini ya nyumba. Chanja hizo ni kubwa, za mbao, zina magurudumu ya chuma yanayopita juu ya reli. Wingu likapita bila tone. Wakazivuta tena nje, na mmoja ukaachwa katikati ya reli. Ukasimama palepale. Haukwenda mbele wala nyuma.

Ismay aliutazama kwa muda. Reli zilitoka chini ya nyumba, zikaenda juu ya nguzo hadi karibu na barabara, zimelala sawasawa, wakati ardhi chini yake inateremka.

"Shamba hili lina kitu kimoja tambarare," akasema.

"Si nilikwambia?" Alston akadakia.

Dereva akalirudisha basi kinyumenyume hadi mwisho wa reli, wanawake wakausogeza uchanja hapo. Lifti ikamshusha Solveig na kiti chake mpaka miguu yake ikalingana na uchanja. Ismay akamvua viatu, akaizamisha miguu yake katika kakao iliyopata moto wa jua. Kisha wanawake wakauvuta uchanja taratibu, wakausukuma, wakauvuta. Kakao ndiyo iliyotembea, chini ya nyayo zake.

"Inanuka siki!" Solveig akasema, machozi na kicheko pamoja. "Miaka yote ile, sikujua inaanza na siki!"

Toka siku ile Ismay aliacha kuanza na miguu ya mgeni. Kwanza aliuliza, "Unataka kwenda wapi?" Kungumanga lilifuata baadaye.

Magoti yake mwenyewe yalipokataa, binti yake alimchukua akakae naye Brooklyn, Marekani. Mara ya mwisho tulipozungumza kwa simu, sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Mwenzangu, huku ni tambarare kweli. Nimeliweka kungumanga sakafuni toka asubuhi, limekaa tu. Kila mtu ananiuliza kama nimekaa vizuri. Hakuna anayeniuliza nataka kwenda wapi."

Nikamwuliza, basi, anataka kwenda wapi.

"Kwa Alston," akasema. "Kule kwenye tambarare."