Kandambili za Bombani

Kuna nyumba zenye mbwa mkali, na mgeni akipiga hodi huambiwa asubiri kwanza. Nyumba ya Mama Vifungo haikuwa na mbwa. Ilikuwa na bomba. Mgeni akiomba kunawa mikono, mtu wa nyumbani alimwahi kabla hajafika uani: vaa kandambili kwanza, bomba linauma. Na liliuma kweli. Chini yake, juu ya saruji iliyopasuka, zilikaa kandambili za mpira zilizoliwa visigino, na hakuna aliyethubutu kufungua maji bila kuzivaa, hasa pasi ikiwa imewashwa. Wageni walidhani ni utani. Walidhani hivyo mara moja tu.

Mwenye nyumba ni fundi cherehani, mjane, na jina hilo alilipata kwa ajili ya makopo ya vifungo aliyoyapanga dirishani. Mteja akipoteza kifungo cha koti la zamani, yeye hutumbukiza mkono koponi na kuchakura mpaka apate kinachofanana nacho, akiwa anasema maneno ya kumfanya mteja acheke na kujuta kuwa mzembe. Ana mkono mwepesi, ulimi mwepesi zaidi, na kichwa kigumu kama chuma cha pasi yake. Ukimwambia jambo asilolitaka, unaweza kuondoka, ukala, ukalala, ukarudi, utamkuta palepale.

Balaa la bomba lilianza na marehemu mume wake, makanika wa malori, mtu wa watu na mwenye mikono isiyojua kukaa bure. Umeme ulipofika mtaani, wenzake walihangaika kutafuta mafundi. Yeye akasema umeme ni umeme. Kama anawasha taa za lori zima, vyumba vitatu vitamshinda nini? Akaifunga nyumba mwenyewe, kila akitoka gereji, grisi ikiwa bado kwenye kucha. Sasa, kwenye lori, waya mmoja ndio unaopeleka umeme kwenye taa, na njia ya kurudi ni bodi lenyewe, chuma chote cha gari. Makanika akatafuta bodi nyumbani kwake. Akaliona: bomba la chuma lililopita ukutani kutoka uani mpaka jikoni. Basi upande wote wa nyuma, kila taa na kila soketi akaipelekea waya mmoja, na wa kurudi akaufunga bombani.

Taa ziliwaka. Hapo ndipo penye mkasa, kwamba ziliwaka, tena vizuri, na mkewe akapiga vigelegele. Bomba lilipoanza kuuma, makanika alikuna kichwa siku nzima, halafu akaenda dukani kununua kandambili.

Maisha yakasonga. Binti yao wa pekee alijua kuvaa kandambili kabla hajajua kufunga vifungo. Wakazoea, kama watu wanavyozoea mlango unaokwama. Makanika alipofariki, kwa ugonjwa wa kifua wala si kwa umeme wake, Mama Vifungo hakutaka mtu aguse hata swichi. Kila iliyokaa upande alikumbuka ilivyowekwa, na wimbo gani marehemu alikuwa akiuvumisha puani. Mlangoni, mahali pa kengele, alikuwa amemfungia honi ya lori, nayo ilipiga kwa nguvu ya betri kuukuu iliyokaa chini ya dirisha. Mgeni akibonyeza, mtaa mzima ulijua kwa Mama Vifungo kuna mtu. Betri ikichoka, yeye mwenyewe aliipeleka gereji kuchajiwa, akiisukuma kwenye toroli kama mgonjwa.

Ndipo binti akapiga simu. Alikuwa amepata kazi ya zamu kiwandani, na alihitaji mtu wa kukaa na mtoto wake wa kiume. Mama Vifungo hakungoja amalize. Kitanda kilikuwa tayari, shuka alishashona, na huyo mtoto, yeye bibi alikuwa akimwita "mume wangu" kwenye simu tangu hajui kugeuka. Lakini binti alikuwa na jambo moja, na sauti yake ilionyesha alilifanyia mazoezi.

"Mama, mtoto ameanza kutembea, na kiatu hakikai mguuni. Ukitengeneza umeme, namleta kwako. Usipotengeneza, nitampeleka kwa bibi yake mwingine."

Bibi mwingine. Neno hilo lilimchoma Mama Vifungo kuliko bomba lilivyowahi kumchoma. Hakuwa na ugomvi na yule mama. Alikuwa mwungwana, anaishi mbali, ana uwanja mpana wa mtoto kuchezea. Ila alijiona akizeeka na makopo yake ya vifungo, na mtoto akikua huko, akimjua yeye kama sauti tu ya simuni. Aliogopa. Akasema atatafuta fundi kesho yake.

Fundi aliyepatikana alijulikana mtaani kwa jina la Redio. Hakuna nyumba ambayo hakuwahi kuiokoa, kwa maelezo yake mwenyewe. Aliingia na mkoba wa vifaa begani na hadithi mdomoni, akasifu makopo, akasifu chai kabla hajaletewa, akaeleza alivyoitwa kwa mkubwa fulani baada ya mafundi wengine kushindwa. Alipokata umeme kwenye mita, friji ya jirani aliyekuwa ameunga umeme kwake kwa muda ikanyamaza, feni ikanyamaza, ila yeye hakuzimika.

Akafungua soketi ya jikoni. Akachungulia. Kisha akaenda uani, akafukua kidogo kando ya bomba, akarudi, akafungua nyingine. Alikuwa kimya. Mama Vifungo, aliyekuwa akiomba moyoni anyamaze tangu alipofika, sasa alitamani aseme chochote.

"Mama," alisema hatimaye, "nani alifunga nyumba hii?"

"Mume wangu."

"Alikuwa fundi wa umeme?"

"Wa malori."

Redio akaangua kicheko. Si cha dharau, kilikuwa cha mtu aliyeteguliwa kitendawili, lakini kilikwisha toka. Akasema marehemu amefunga lori lenye paa na madirisha. Kwamba bomba ndilo waya wa kurudi, na kila aliyeligusa akiwa peku alikuwa akiusaidia umeme kufika ardhini. Upande wote wa nyuma ung'olewe, hakuna cha kubakiza. Na ni rehema tu kwamba hayajafanyika matanga humu ndani.

Mama Vifungo alisikia mawili tu: kicheko, na "kung'oa". Mtu asiyemjua marehemu, aliyekunywa chai yake, anasimama jikoni kwake na kumcheka maiti. Akamwambia akusanye vifaa vyake. Redio alifungua mdomo ajitetee, akaona uso ule, akaufunga. Mlangoni aligeuka.

"Naondoka, mama. Ila usipige pasi mtu akiwa bombani."

Hasira zilimkaa siku kadhaa. Alishona akibishana na mtu asiyekuwepo, sindano ikikatika, mishono ikienda mrama. Siku alipokwenda sokoni kutafuta zipu, akaona kwenye kibanda kandambili ndogo za mtoto, za manjano, zenye picha ya bata juu. Moyo ukamruka. Si ndilo jibu? Mtoto atavaa kandambili kama mama yake alivyovaa, na hakuna ukuta utakaobomolewa. Akanunua bila kuomba wapunguze, jambo ambalo si desturi yake hata kidogo, akarudi nyumbani akivumisha wimbo.

Akaenda moja kwa moja uani, akazipanga kandambili ndogo kando ya zile kubwa, akarudi nyuma hatua moja azitazame zilivyopendeza.

Wimbo ukakatika. Aliona zilivyo ndogo. Akamwona mumewe akirudi kutoka dukani na mfuko mkononi, uso ukimng'aa vilevile kama wake wa leo. Halafu likaja lile ambalo wote walikuwa wakilisimulia kwa kicheko, hata siku ya harusi ya binti lilisimuliwa na watu wakashika mbavu: jinsi huyo binti alivyokimbilia bombani akiwa mdogo, peku, akarushwa, akakaa chini mdomo wazi bila sauti. Katika hadithi, kilichochekesha ni ule mdomo. Kilichokuwa hakisimuliwi ni kwamba makanika alimbeba yule mtoto na mikono yake ikawa inatetemeka hadi akashindwa kufungua kitasa. Kesho yake alinunua kandambili za pili, ndogo. Alimpenda mwanawe kufa, na alichojua kumfanyia ni hicho tu.

Mama Vifungo alikaa kwenye ukingo wa saruji akalia. Alimlilia mumewe, na akajililia yeye pia, aliyekuwa tayari kumhatarisha mtoto kwa ajili ya kulinda swichi. Alipomaliza, alipangusa uso kwa upindo wa kanga akampigia Redio simu. Hakuomba radhi. Alisema tu, "Fundi, chai ipo."

Redio alikuja na vumbi lake. Alichimba kuta za upande wa nyuma, akavuta waya mpya, wa kwenda na wa kurudi na wa tatu wa kushuka ardhini, akasimika chuma kirefu uani na kukifunika vizuri. Karibu na mita aliweka kisanduku chenye swichi ya kujikata yenyewe pale umeme unapokwenda usikotakiwa. Mama Vifungo alipikia nje, akashona kwa cherehani ya kukanyaga barazani, na kila dakika alikuja kuchungulia. Juu ya cherehani aliomba taa yake mwenyewe, kwa kuwa kutunga uzi sindanoni sasa kulikuwa vita. Akaipata. Kila alipokuja, Redio alimweleza kazi ilipofika, akitia chumvi ya kutosha.

Lakini siku ya waya wa zamani kutoka, alimwita kwa sauti ya chini. Alikuwa ameushika mkononi, umekauka, bado una alama ya grisi.

"Nilicheka siku ile, mama, nilikosea. Nimefungua mafundo yake moja moja. Hakuna hata moja lililolegea. Nyumba hii ingekuwa na fundo legevu ingeungua zamani sana. Njia ndiyo hakuijua."

Mama Vifungo aliuchukua ule waya akauzungusha kidoleni kama uzi.

"Na honi sijaigusa," Redio akaendelea. "Ni ya betri, waya mmoja na bodi. Ile ameifunga mwenye kazi yake. Mimi nisingeifunga vizuri hivyo." Hii, wanaomfahamu watasema, ndiyo sentensi pekee ya aina hiyo kuwahi kutoka katika kinywa chake.

Kazi ilipokwisha, Redio alivua viatu na soksi, akawasha pasi na kila taa ya nyuma, akamwaga maji chini, akafungua bomba na kunawa uso, huku akijitangazia sifa. Sasa zamu yako, mama. Mama Vifungo alisogea. Akaangalia saruji iliyolowa. Akaingiza miguu kwenye kandambili, akanawa. Redio akamwambia hazina kazi tena. Akajibu kwamba kichwani anajua, ni miguu ndiyo haijaambiwa. Na siku zote zilizofuata, kila akienda bombani, miguu ilijitafutia mpira yenyewe.

Honi ililia alasiri moja, ndefu, kwa sababu aliyebonyeza alikuwa mtoto, amenyanyuliwa na mama yake, na alikataa kuondoa kidole. Mtaa mzima ulijua. Binti aliingia, akamkumbatia mama yake, kisha bila kuficha akaenda kukagua kisanduku kipya, akafuata kuta zilizozibwa kwa jicho la mtu aliyekuja na begi ambalo hajaamua kulifungua. Bibi alimvalisha mjukuu kandambili za bata. Alisema ni zawadi tu, za kupendezea.

Mtoto alitembea nazo mpaka mlango wa uani. Hapo moja ikamtoka, ya pili akaipiga teke, akaona bomba linadondosha matone, akacheka na kulikimbilia.

"Kandambili!" wakapiga kelele wote wawili, mama na bibi, kwa pamoja. Ni neno lililokuwa limelala midomoni mwao maisha yote. Ndani pasi ilikuwa inawaka, nguo ya mteja ikingoja. Mtoto alishika bomba kwa mikono miwili, akasimama peku kwenye dimbwi, akageuka kuwatazama, akishangaa kelele ni za nini.

Hakuna kilichotokea. Aliomba afunguliwe maji.

Binti aliziba mdomo kwa mkono, mabega yakimtetemeka, na Mama Vifungo hakuweza kujua ni kilio au kicheko. Yeye mwenyewe alikuwa ameshafika uani kwa kandambili kubwa za zamani, amezivaa bila kujua. Akazitazama. Akautoa mguu mmoja, kisha wa pili, akaukanyaga unyevu, akamfungulia mume wake mdogo maji na kuingiza mikono yake chini ya ile ya mtoto.

Yalikuwa ya baridi tu.

"Mwanangu," alimwambia binti bila kugeuka, "kafungue begi."