Godoro la Mama wa Keringet
Fundi wa magodoro, mzee wa Kihindi mwenye kilemba, alikuwa amepiga magoti kwenye veranda ya duka lake Nakuru toka asubuhi, akichambua pamba kwa vidole vyenye sugu. Kila mteja aliyefika, fundi alimuuliza kwanza, "Unaumwa wapi?" Siku hiyo, mwaka wa sitini na saba, alikuja Cherono, mchuma maua ya pareto kutoka Keringet, mkono kiunoni kwa maumivu. Alitaka godoro laini kuliko yote.

"Hapana, mama," fundi akasema polepole. "Hiyo utazama, mgongo itapinda. Chukua hii ngumu kidogo. Lala kwanza, usikie."

Cherono akaangalia wapita njia, akaona haya. Basi fundi akalala mwenyewe, chali, akafumba macho. Watu wakacheka. Yeye akaendelea kulala, uso umelegea kama wa mtu aliyetua mzigo. Alipotaka kuinuka, mgongo ulikataa. Cherono akamshika mikono, akamvuta taratibu mpaka akasimama.

"Na wewe mzee, kwako unalalia nini?"

"Mkeka," akajibu, akijipangusa pamba. "Hizi ni za watu."

Cherono hakucheka. Alivua viatu, akalala juu ya lile godoro gumu mbele ya wote.