Trufena na Maji ya Ubatizo

Trufena, muuza omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, huko Asembo Bay, alikuwa na mdomo mkali, lakini kudanganya hakujua. Hapo ndipo taabu yake ilipoanzia. Kanisani kwetu, miaka ile ya themanini, mtu hakubatizwa ziwani mpaka aseme mbele ya watu kwamba tangu aokoke hajatenda dhambi. Watu walisema hivyo, wakazamishwa, wakaimba. Upuuzi mtupu! Trufena kila mwaka alisema, "Nimemtukana mke mwenzangu tena. Nimemwomba Mungu msamaha." Akarudishwa ufuoni, gauni lake jeupe likiwa kavu.

Mara ya mwisho, Mchungaji Wasonga, aliyetubatiza sote, alimsikiliza akiwa amesimama majini mpaka kiunoni. Kisha akamshika mkono, akamwingiza majini.

"Mama, mimi nimemfokea mke wangu leo asubuhi," akasema. "Hata kesho nitahitaji kusamehewa. Nikishakuzamisha, na wewe unizamishe."

Tulimwona mchungaji wetu akizama mikononi mwa Trufena, na mmoja baada ya mwingine tukaanza kuvua viatu ili na sisi tuingie majini.